Picha mbili zilizoshonwa kuwa moja, mtoto wa raha na mtoto wa shida: kwa nini zinauma kuliko picha halisi?

#1 Kalamu ya Mkaa
Habari za jioni wanajamvi.

Naomba tuzijadili hizi picha za kuunganisha zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Fremu ni moja ila imekatwa katikati. Upande huu mtoto wa nchi yenye amani, upande wa pili mtoto wa vitani, na wamepangwa mpaka bega la huyu linamalizikia kwenye bega la yule, utadhani ni mtu mmoja. Nyingi ni kazi za Uğur Gallenkuş, msanii wa Istanbul. Alianza baada ya ile picha ya 2015 ya Alan Kurdi, mtoto wa Kisyria aliyekutwa ufukweni Uturuki, kifudifudi, fulana nyekundu, viatu bado viko miguuni.

Picha za vita nimeshaziona mpaka kidole kimezoea kuzipita. Hizi zilinisimamisha. Nikajiuliza: tukio lenyewe halijatokea popote, ni mikono ya mtu na kompyuta. Iweje kitu cha kutengenezwa kiniume kuliko kilichotokea kweli?

Hoja yangu naiweka mezani. Picha moja inakuonyesha umaskini. Picha mbili zikishonwa zinakuonyesha pengo, na pengo halipigiki kwa kamera moja. Nawasilisha.

#2 Ngosha77
Siti ya mbele. Mkuu, mimi sioni ajabu. Hata ile ya uwanja wa gofu wa kijani huku na mabanda ya bati kule, si mtu tu kakaa na Photoshop yake usiku? Siku hizi kila kitu kinabandikwa.

#3 Fundi Mwenge
Kazi yangu ndiyo hiyo, nina studio Mwenge, mwaka wa kumi na moja sasa. Nichangie upande wa ufundi.

Watu wanadhani ugumu uko kwenye kukata. Kukata hata mwanafunzi wangu wa miezi miwili anakata, mpaka unywele mmoja mmoja. Ugumu ni mwanga. Chukua nyuso mbili, moja kivuli cha pua kimeangukia kushoto, nyingine kulia. Ukiziunganisha, hata bibi ambaye hajawahi kugusa kompyuta atakwambia "hapa pamebandikwa", ila hatajua anasema kwa sababu gani. Jicho linajua jua ni moja.

Sasa huyo Mturuki anachofanya ni kutafuta nusu mbili ambazo jua lake linakubaliana. Jicho likishakubali kwamba jua ni moja, linakubali kwamba hao watoto wako mahali pamoja. Ndipo moyo unashtuka. Kwangu jibu la swali lako ni hilo, mengine ni falsafa.

#4 Mwana Kibra
Ngosha77, hapo nikukosoe kidogo, ndugu yangu. Picha ya gofu na mabati haijabandikwa. Ni ya Johnny Miller, Mmarekani aliyekuwa akiishi Cape Town, alianza kurusha droni mwaka 2016 juu ya mipaka ya matajiri na maskini. Hiyo ya gofu ni Durban, uwanja wa Papwa Sewgolum. Na jina la uwanja lenyewe lina kisa chake: Sewgolum alikuwa mchezaji wa asili ya Kihindi, akashinda mashindano ya Natal Open mwaka 1963, akakabidhiwa kombe nje kwenye mvua kwa sababu jengo la klabu lilikuwa la wazungu tu.

Kuna nyingine ya São Paulo, Brazil, ya 2004, ya mpiga picha Tuca Vieira, ghorofa ambalo kila kibaraza kina bwawa lake la kuogelea, na chini ya ukuta ni mtaa wa Paraisópolis, matofali mekundu juu ya matofali. Hiyo nayo watu hubisha kwamba ni ya kutengeneza. Si ya kutengeneza.

Nimekulia Kibra. Royal Nairobi Golf Club imepakana nasi. Tukiwa wadogo mpira mweupe ukiruka upande wetu unakuwa wetu. Kwa hivyo Kalamu, nakupinga: pengo linapigika kwa kamera moja, tena kila siku. Na hapo ndipo hizi picha za kushona zinanikera. Zinamwambia mtazamaji kwamba tajiri na maskini wako mbali hadi msanii awaunganishe. Si kweli. Tunatenganishwa na seng'enge.

#5 Ngosha77
Nimekosolewa nikakosoleka. Sikujua hiyo ya Durban ni halisi. Sasa naona imekuwa nzito zaidi kuliko nilivyoidhania bandia.

#6 Kalamu ya Mkaa
Umeona? Kaka wa Kibra amenipiga, lakini wewe Ngosha umenisaidia bila kujua. Ukweli ukizidi tunauita Photoshop.

#7 Mwalimu Sanga
Vijana, haya mambo hayakuanza na kompyuta. Photoshop imeingia sokoni 1990. Mwaka 1857, Oscar Rejlander, Msweden aliyehamia Uingereza, aliunganisha negativu 5 (zile picha asili za kuchapia) kwenye karatasi moja akatoa picha inayoitwa "Two Ways of Life". Baba yuko katikati na vijana wawili. Mmoja anageukia ibada, kazi na ndoa, mwingine anageukia kamari, pombe na wanawake walio uchi. Ilikuwa ni hotuba ya maadili kwa kamera. Malkia Victoria mwenyewe alinunua nakala.

Scotland waliitundika na upande wa dhambi wakaufunika kwa pazia! Picha imeundwa ili ulinganishe pande mbili, wao wanakuonyesha wema peke yake.

#8 Mzee wa Negativu
Shikamoo Mwalimu. Negativu 5 ni za Henry Peach Robinson, ile ya msichana anayekufa kwa kifua kikuu, 1858. Za Rejlander zilizidi 30. Nimefanya kazi chumba cha giza miaka ya themanini, kuchapa negativu 2 tu kwenye karatasi moja ilikuwa jasho: unaficha sehemu hii, unachapa ile, unaomba Mungu mpaka wa katikati usionekane. Ukikosea sekunde chache karatasi ni ya kutupa, na karatasi ilikuwa haipatikani. Thelathini ni wazimu wa mapenzi.

#9 Mwalimu Sanga
Marahaba, na asante kwa sahihisho. Nilizichanganya hizo mbili.

#10 Bint Sudi
Naongeza mmoja ambaye kwangu ndiye mama wa hizi picha zote: Martha Rosler, Marekani, kuanzia 1967 hadi 1972, vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto. Alichukua picha za vita kwenye magazeti na picha za nyumba nzuri kwenye majarida ya mapambo, akazibandika pamoja kwa mkasi na gundi.

Kuna moja naomba niwaeleze polepole. Mama wa nyumbani, nywele zimetengenezwa, nguo safi, ameshika mashine ya kufyonza vumbi, anasafisha pazia zito linalometameta. Amelivuta kidogo ili afikie ukunjo. Nje ya dirisha, pale ulipotegemea kuona bustani, kuna askari wamesimama kwenye handaki kati ya mawe. Yeye hawaangalii. Anaangalia kazi yake. Hamna damu hata tone.

Vita ile iliingia sebuleni kwa njia ya televisheni kila jioni na watu wakaendelea kula. Rosler alichofanya ni kuiondoa kwenye kile kisanduku akaiweka dirishani. Na hakuzipeleka makumbusho, alitoa nakala akazigawa kwenye maandamano. Vita vya Iraq vilipokuja akarudia kazi hiyo, na seti nyingine mwaka 2008.

Kwa hiyo Mwana Kibra, unasema picha hizi zinadai maskini yuko mbali. Ya Rosler inasema kinyume. Inasema yuko nyuma ya pazia lako.

#11 Mwana Kibra
Hiyo ya pazia nimeitafuta, nimeiangalia. Nakubali ni tofauti. Yule mama ndiye anayeshtakiwa, si askari anayehurumiwa. Katika hizi za watoto hakuna anayeshtakiwa. Mtoto wa raha hana kosa, wa shida hana kosa, na aliyetupa bomu hayumo kwenye fremu.

#12 Mzee wa Negativu
Hapo umenena. John Heartfield wa Ujerumani alimweka mwenye kosa ndani ya fremu. Oktoba 1932, jarida la AIZ: Hitler ameinua mkono kwa ile saluti yake ya kukunja kiganja nyuma, na nyuma yake jitu kubwa lisilo na uso linamwekea noti kiganjani. Maneno yake: mamilioni wako nyuma yangu. Mtu ukiiona unajua nani kamlipa nani. Miezi michache baadaye Hitler akachukua nchi na Heartfield akakimbia.

#13 Ngosha77
Kwa hiyo picha haikuzuia kitu.

#14 Mzee wa Negativu
Haikuzuia. Lakini imebaki, na bado inataja mlipaji.

#15 Chuma cha Gerezani
Tukizungumzia thamani za siku hizi msimsahau Andreas Gursky, mpiga picha Mjerumani. Duka la bei poa Marekani, rafu juu ya rafu, kila kitu senti 99, rangi zinakuvamia mpaka watu wanaonekana vichwa tu kama bidhaa nyingine. Kaiunda kwa kompyuta kutoka picha zaidi ya moja. Halafu picha hiyo ya vitu vya senti 99 ikauzwa dola milioni 4.3! Nikiwaza sisi tunaouza fulana za mtumba hapa Karume nashindwa kulala.

#16 Bint Sudi
Chuma, ya milioni 4.3 ni ile yake ya mto Rhine, mnada wa 2011. Na ile alifuta jengo la kiwanda na watu waliokuwa wakitembeza mbwa, ukabaki mto na majani tu. Ya senti 99 iliuzwa 2007 kwa dola milioni 3 na ushee. Ila hoja yako haijaharibika hata kidogo.

#17 Chuma cha Gerezani
Asante dada. Milioni moja pungufu, usingizi bado hauji.

#18 Pili wa Singida
Nimesoma tangu mwanzo, nimefuta nilichoandika mara tatu. Mimi ni mtoto wa kwenye picha.

Siyo hizo za Mturuki. Mwaka 2003 nikiwa na miaka minane walikuja watu kijijini kwetu, shirika silitaji. Walipiga picha wengi. Miaka mingi baadaye, nimeshaolewa, nimeenda mjini kumsindikiza shemeji yangu kwenye ofisi fulani, tukakaa kwenye benchi la korido. Ukutani kuna bango. Nusu moja mtoto wa kizungu yuko ndani ya bafu, maji na povu, anacheka. Nusu ya pili ni mimi na ndoo.

Gauni langu siku ile lilikuwa jipya, kijani kibichi, mama alilishona kwa mkono Jumamosi ili nilivae Jumapili. Nikalivaa siku hiyo kwa kubembeleza. Kwenye bango limekuwa rangi ya udongo. Wamelififisha mpaka likafanana na ardhi. Niliposimama karibu nikaona mfuko niliokuwa nikiutia karanga, ndipo nikajua kweli ni mimi.

Na jambo la pili. Ile ndoo sikuibeba peke yangu, ilikuwa kubwa. Tulishika mkono wake wawili, mimi na mama. Pale walipokata ndipo mama alipokuwa. Mkono wa yule mtoto wa bafuni umekuja pale pale, kana kwamba yeye ndiye tuliyebeba naye maji. Ukiangalia vizuri kwenye mkono wa ndoo vimebaki vidole viwili vya mama. Hawakuvifuta.

Sina elimu ya sanaa. Mnauliza kwa nini zinauma. Mimi iliniuma hapo kwenye vidole.

#19 Kalamu ya Mkaa
Dada Pili, nimekosa la kusema. Pole sana. Niliandika "zilizoshonwa" nikawaza uzi tu, sikuwaza kilichokatwa kwanza.

#20 Ngosha77
Pole dada. Naomba niulize kwa heshima, maji yalikuja?

#21 Pili wa Singida
Kisima kilichimbwa, sikatai. Tulikunywa maji safi mwaka mmoja na miezi, pampu ikafa. Sikatai pia kwamba huenda ni bango lile lililoleta pesa. Ila nisingekataa kupigwa picha nikiwa na mama na gauni la kijani. Shida ya maji ingeonekana vilevile.

#22 Fundi Mwenge
Nilisema mengine ni falsafa. Naomba niliondoe neno hilo.

Kufifisha rangi tunakujua. Unavuta kile kidude cha rangi kurudi nyuma, unaongeza udongo kidogo kwenye vivuli, picha inakuwa ya huzuni kwa dakika moja. Hata mimi mteja akiniletea kazi ya kampeni ananiambia "ifanye ionekane ya shida". Nimeshafanya. Sikuwahi kujiuliza gauni lilikuwa rangi gani.

#23 Mvita Asilia
Salamu kwenu. Pole mwanangu Pili.

Nyote mwazungumza kana kwamba maskini hukatwa na kubandikwa na wengine tu. Sisi pwani twabandikwa kwa kupenda kwetu, tena zamani. Lamu alikuweko marehemu Omar Said Bakor, alojifunza kazi mwenyewe, akikata na kubandika picha za wateja wake kabla kompyuta haijajulikana. Na hapa Likoni, Mombasa, miaka ya tisini, ukishuka feri tu waona wapiga picha na vibanda vyao. Ndani ya kibanda wamebandika mandhari: ndege yapaa, meli kubwa, magorofa ya ng'ambo, maua, kila kitu chang'aa. Mtu atoka kazini kubeba mizigo bandarini, asimama mbele ya ndege, apigwa, apeleka picha nyumbani bara. Wazazi wake wamwona yu mbele ya ndege.

Nami nilipiga. Suti ya kuazima, nyuma yangu magorofa. Vurugu za Agosti 1997 zilipoingia Likoni wengi wa wale vijana waliondoka, maana wengi walikuwa watu wa bara, na vibanda vikavunjika. Picha yangu ningali nayo.

Ile nayo yasema juu ya pengo. Hakuna alonihurumia. Nilijichagulia upande.

#24 Bint Sudi
Mzee wangu, hii ndiyo iliyokosekana kwenye uzi mzima. Shilingi zako, suti ya kuazima, magorofa uliyoyataka wewe. Dada Pili hakuulizwa hata rangi.

#25 Mwana Kibra
Ila mzee, hata magorofa yale si yalichaguliwa na tamaa tuliyouziwa? Kijana wa leo anapiga picha amejiegemeza kwenye gari la mtu, anaituma. Kibanda cha Likoni kimehamia kwenye simu. Sijui kama huko ni kujichagulia au kuchaguliwa polepole.

#26 Mvita Asilia
Huenda wasema kweli. Lakini mamangu aliitundika ukutani hadi alipofariki, na hajapata kuniuliza kama magorofa ni yangu.

#27 Chuma cha Gerezani
Na hizi za akili bandia mnaziweka wapi? Ile ya Mei 2024, mahema yamepangwa yakaandika maneno ya kuitazama Rafah, mji wa Gaza uliokuwa vitani, watu zaidi ya milioni 40 waliirusha Instagram. Hapo hakuna mtoto, hakuna mpiga picha, hakuna ndoo. Mahema tu ya kuchorwa na mashine, kwenye mstari ulionyooka.

#28 Mwalimu Sanga
Wengi waliirusha kwa sababu haikuwa na maiti, ilikuwa rahisi kuitazama. Wengine wanasema iliwafikia watu ambao picha halisi zingewafanya wafunge simu. Darasani kwangu wanafunzi walibishana kipindi kizima, kengele ikalia hawajamaliza.

#29 Bint Sudi
Mimi naona ndiyo mwisho wa barabara aliyoianza dada Pili kutueleza. Kwanza unafifisha gauni, kisha unamkata mama, mwisho unaona hata mtoto hahitajiki.

#30 Kalamu ya Mkaa
Hapana, hapo nabisha. Gallenkuş anatumia picha zilizopigwa na waandishi waliokuwepo kweli, watu wakihatarisha maisha. Kuunganisha si kubuni.

#31 Bint Sudi
Na Pili naye alikuwepo kweli, kaka.

#32 Fundi Mwenge
Naomba nitoke nje ya mada kidogo. Kila mwezi napata mabinti wawili watatu wanaotaka baba aliyefariki awekwe kwenye picha ya harusi. Nachukua picha yake ya zamani, namvalisha suti, namsimamisha pembeni ya bibi harusi. Hiyo siitozi bei ya kazi nyingine.

Dada Pili, kama bado unayo picha ya lile bango, na kama ungependa, naweza kujaribu kumrudisha mama. Na gauni nalirudisha kijani. Hakuna malipo. Ukikataa pia nitaelewa.

#33 Pili wa Singida
Bango nililipiga kwa simu siku ileile. Mama hayupo tangu 2015. Picha yake niliyonayo ni moja tu, ya kwenye kadi ya mpiga kura.

#34 Fundi Mwenge
Inatosha. Picha za kadi mwanga wake unatoka mbele, uso mzima. Siku ile jua lilikuwa upande gani?

#35 Pili wa Singida
Asubuhi. Tulikuwa tunatoka mtoni, jua liko usoni mwetu.

#36 Fundi Mwenge
Basi linakubaliana. Vile vidole viwili usivikate unaponitumia, ndivyo vitanipa ukubwa wa mkono wake na rangi yake juani. Tatizo moja: mtu aliyetazama jua hubana macho, wewe mwenyewe bila shaka umebana. Kwenye kadi mama atakuwa ameyafumbua.

#37 Pili wa Singida
Yaache hivyohivyo. Hata siku ile hakuyabana. Alikuwa anamwangalia mwenye kamera.